Filamu Haijaisha

Kwenye harusi za Kijenge siku hizi hakuna anayewaambia watu wameze mate. Wapiga picha ni wengi, wana mashine nzuri, wengine wanapanda hata juu ya viti, lakini wote wanasema tu "tabasamu" na kubonyeza. Abdiel hakuwa na habari na tabasamu. Alikuwa anainua kiganja, anasema, "Haya, meza mate," na ukoo mzima, kuanzia babu hadi mtoto wa kubebwa, unameza kwa pamoja. Katika kile kitambo kifupi baada ya kumeza, midomo imetulia na macho yamesahau kujitengeneza, ndipo alipopiga. Ukiingia sebule za mtaa ule ukatazama picha za ukutani za miaka ya tisini, utawajua watu wake. Wote wana sura ya mtu aliyekuwa karibu kusema jambo. Baadaye, kwenye kila ukuta, sura hiyo inakoma.

Alizaliwa mlimani, upande wa Poli, kwenye shamba la migomba na kahawa. Kahawa ilipokosa bei na majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, yeye alishuka mjini akajifunza kazi kwa Mhindi mmoja mwenye studio. Mhindi alipofunga biashara akahamia kwa watoto wake ng'ambo, alimwachia Abdiel kamera aliyokuwa akiitumia, pamoja na lenzi zake. Ilikuwa kamera ya filamu, nyeusi, iliyochubuka kwenye kona mpaka shaba ikachomoza. Kwa kamera hiyo Abdiel alifungua chumba chake Kijenge, akaning'iniza pazia la buluu, akaweka kiti, kioo na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiibwe.

Vijana wa leo hawajui, lakini enzi zile picha ilikuwa kitu cha kungoja. Filamu moja ilibeba picha thelathini na sita, na hakuna mpiga picha aliyeipeleka kusafishwa kabla haijajaa, maana kusafisha filamu nusu ilikuwa hasara. Kwa hiyo mteja alipouliza picha zake, jibu lilikuwa moja mji mzima: filamu haijaisha. Hakuna aliyekasirika. Mtu aliyepigwa Pasaka aliweza kungoja hadi mtoto wa mtu asiyemjua apate kipaimara, ndipo naye aione sura yake. Tulingoja pamoja bila kujuana, sura zetu zikiwa zimejikunja gizani ndani ya kamera ya Abdiel, na tulimwamini.

Mmoja wa waliomwamini alikuwa Irine, mwanamke wa Sakila, juu ya Kikatiti, aliyekuwa akileta ndizi na parachichi mjini. Irine alilelewa na bibi yake, Magdalena, na kila alipopita Kijenge alisimama mlangoni mwa studio akasema lilelile.

"Kaka Abdiel, siku moja nitakupeleka kwa bibi. Hana picha hata moja."

"Mlete hapa."

"Yeye? Hata mchungaji alitaka kumpiga kwenye sherehe ya akina mama, akajifunika kanga uso mzima. Lakini nitamshinda tu."

Alimshinda mwezi wa kumi wa mwaka 2006. Abdiel alipanda Sakila na kamera yake begani, akamkuta mwanamke mrefu, mkavu, ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, mti wa mringaringa ukimwagia maua meupe uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi."

"Wa kwa nani?"

Abdiel akataja baba yake na ukoo wake. Bibi akafikiri.

"Baba yako alikuwa na mguu mbaya."

"Ndiye huyo huyo."

"Mbishi sana yule mtu. Kaa, ule."

Akaletewa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kwenye bakuli. Alipokuwa anakula, bibi alimweleza kwa nini alikuwa akijifunika. Alikuwa msichana walipotolewa Engare Nanyuki na serikali ya Waingereza. Walishuka kwa miguu na vitu vyao kichwani, na kando ya njia alisimama Mzungu mwenye kamera, akawapiga mmoja mmoja walipokuwa wanapita.

"Mimi nilijitwika chungu, na kuku nimembana kwapani. Sijui ile picha aliipeleka wapi. Lakini huko iliko, mpaka leo natembea na kuku. Nimezaa, nimezika mume, nimepata wajukuu, na huko bado natembea tu na kuku." Akaivuta kanga yake mabegani. "Sasa wewe nipige nimekaa. Hapa kwangu. Mlango uonekane."

"Utaonekana, bibi. Haya, meza mate."

"Mate yenyewe nitayatoa wapi? Nimezeeka. Irine, niletee maji."

Irine alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi akanywa, akameza, akatulia, na Abdiel akapiga. Akasogea kidogo, akapiga tena. Aliposhusha kamera alijua, kama fundi anavyojua, kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kuliko zile.

"Utaleta lini?" bibi akauliza.

"Filamu haijaisha, bibi. Ikiisha tu nasafisha, nampa Irine."

"Basi iharakishe."

Jumamosi iliyofuata Abdiel alikuwa mwalikwa tu kwenye harusi kanisani, kamera begani kwa mazoea bila kupiga hata moja, na mbele yake kijana mmoja wa mjini akampiga bibi harusi, kisha akageuza kamera na kumwonyesha picha palepale, kwenye kioo cha nyuma. Wanawake wakajaa kumzunguka yule kijana kama nyuki. Mama wa bibi harusi akamgeukia Abdiel.

"Yako haionyeshi?"

"Inaonyesha baadaye, mama."

"Baadaye lini? Sisi tukishasahau tulivaa nini?"

Watu wakacheka bila ubaya wowote. Lakini maneno yale yalimwingia, na Jumatatu yake akaenda mjini kwa Reginald, kamera na lenzi zake begani.

Reginald, ambaye wateja walimwita Mangi, alikuwa Mchaga wa Marangu mwenye duka la redio, simu na kamera, vitu alivyovifuata Dubai mwenyewe. Kwa miezi mingi Abdiel alikuwa akipita pale kutazama tu.

"Karibu Mmeru. Leo umekuja kununua, au umekuja tena kupumulia vioo vyangu?"

"Leo nimekuja kweli, Mangi. Nataka ya dijitali. Lakini ile ya kubadilisha lenzi, si hizi za kutia mfukoni."

Reginald akatandika kitambaa juu ya kabati la kioo na kuweka kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa imetumika. Ilikuwa mali ya mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi akauza kila kitu. Haikuwa na urembo, kioo chake cha nyuma kilikuwa kidogo, na mkanda wake umesinyaa kwa jasho la mtu mwingine. Ya pili ilikuwa mpya ndani ya boksi lake, inanukia plastiki, kioo cha nyuma kipana, na mkanda wake una maandishi makubwa meupe ya kusomeka kutoka mwisho wa kanisa.

"Nakwambia ukweli kwa sababu wewe si wa kuja na kupita," Reginald akasema. "Hii iliyotumika imetengenezwa na walewale waliotengeneza hiyo ya kwako. Lenzi zako zote zinaingia. Unaondoka nayo, na huyo mzee wako wa filamu unabaki naye. Hii mpya ni ya kampuni nyingine. Lenzi zako hazina kazi hapo. Ukiitaka, uniongezee huyo mzee na lenzi zake, ndipo tutafika."

Abdiel aliinua ile iliyotumika, akapachika lenzi yake mojawapo, akaweka jicho. Ndani mle palikuwa kama kwake. Mwanga uliingia vilevile, kidole kilikuta kila kitu pale kilipozoea kukikuta. Aliielekeza kwa Reginald akaona mkunjo wa uso wake na vumbi la mlango nyuma yake, na moyoni alijua hiyo ndiyo kamera yake. Akaiweka chini. Akachukua ile mpya, akaivaa shingoni, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Aisee, hiyo imekaa," alisema mteja aliyekuwa kando, Lerionka, dereva wa watalii. "Mangi, hii wageni wangu ndiyo wanayo. Kama huyu bwana haitaki, mimi naichukua leo."

"Nani kasema siitaki?"

"Naona unaipima tu kama suti ya harusi."

"Ukiingia nayo kanisani," Reginald akasema, "mchungaji mwenyewe atakaa vizuri."

Wakacheka wote watatu. Lerionka akanyoosha mkono kuugusa ule mkanda, na Abdiel, akiwa bado anacheka, akarudi nyuma hatua moja.

"Nachukua hii," akasema.

"Basi nione mzee wako kama mzima. Ina filamu?"

"Haina."

Alisema hivyo upesi, akili yake ikiwa kwenye mkono wa Lerionka. Huenda hata hakulisikia swali. Akavuta kifungo cha pembeni kama alivyofanya miaka yote, na mgongo wa kamera ukafunguka. Filamu ilikuwa imelala pale mbele ya mlango wa duka, mbele ya jua la saa sita, inang'aa, rangi ya kahawia kama ini.

Aliufunga mgongo ule kwa kiganja kizima, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto.

"Umesema haina," Reginald akasema taratibu.

"Haina kitu. Niliweka ya kujaribia."

Reginald alimtazama, akaitazama kamera, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara hakuuliza tena. Abdiel akaikunja filamu, akaitoa, akaitia mfuko wa shati. Akaondoka na boksi lake. Njiani hadi Kijenge watu walimpongeza.

Aliipeleka filamu kusafishwa hata hivyo. Picha za mwanzo wa filamu, zilizokuwa zimejificha ndani kabisa ya mzunguko, zilitoka zimeungua pembeni kwa rangi ya moto lakini nyuso zilionekana: watoto wa kipaimara, mtu wa pasipoti, mapacha wa jirani. Zile mbili za mwisho zilikuwa juu kabisa, na jua lilianzia kwao. Kwenye negativu, pale Bibi Magdalena alipotakiwa kuwa amekaa mbele ya mlango wake, palikuwa peusi tii, kama inavyokuwa filamu iliyolambwa na jua. Alizishika dirishani, akazigeuza upande huu na ule. Hakuona hata ukingo wa kanga.

Dawa yake ilikuwa rahisi, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Bibi alikuwa mzima. Sakila si mbali. Angepanda Jumapili yoyote na ile kamera mpya, akamwambia bibi, nimeziharibu, naomba ukae tena. Hakumwogopa bibi kwa hasira zake. Alichoogopa ni kwamba asingekasirika. Angemtazama kwa yale macho, aagize maji, akae tena kwa upole, kama mtu aliyezoea kunyang'anywa. Abdiel hakuweza kuufikiria upole ule. Akasema nitaenda wiki ijayo. Wiki ijayo kulikuwa na harusi.

Irine alipokuja, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Hakulitafuta, lilikuwa limekaa pale miaka yote.

"Filamu haijaisha, Irine."

"Haya, nitarudi."

Akarudi baada ya Krismasi, ndizi kichwani, akamkuta amevaa ule mkanda wa maandishi meupe.

"Ehee, kaka umetajirika! Na hiyo nayo ina filamu?"

"Hii haina. Bibi yuko kwenye ile ya zamani."

"Na ile ya zamani nani atapigwa nayo tena, na wewe una hiyo? Si ujipige hata mwenyewe iishe!" Akashusha mkungu chini, akajipepea. "Bibi kanituma nikuulize filamu yako ina urefu gani. Anasema hata barabara ya Moshi ina mahali inaishia."

Irine alicheka, na Abdiel naye akacheka. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka pia, kwa kuwa ilichekesha kweli.

Mwaka ule kazi ilimjia kuliko miaka yote. Maharusi walijiona papohapo, mama zao walimwita baba, na wachungaji, kama Reginald alivyotabiri, walikaa vizuri. Waliomjua kwa karibu waliona jambo moja tu: alikuwa hataki tena kupiga wazee. Akiitwa kupiga bibi au babu wa mtu nyumbani alisema ana kazi nyingi, nendeni kwa fulani.

Baridi ya Julai ilipokamata mlimani, Bibi Magdalena alipata homa ya mapafu. Irine alikuja studio asubuhi, kanga imefungwa kiunoni, mkononi ana fremu kubwa iliyofungwa kwa gazeti.

"Kaka Abdiel, bibi ametuacha."

"Pole sana, Irine. Pole."

"Asante. Tunazika Ijumaa. Hiyo filamu itoe hivyohivyo, iwe imeisha au haijaisha. Gharama ya kusafisha nitatoa mimi. Mjukuu wake lazima atangulie na picha."

Abdiel alimvutia kile kiti cha wateja, mbele ya pazia la buluu, lakini Irine hakukaa.

"Ilikufa," Abdiel akasema. "Niliifungua dukani, kwenye jua. Nilikuwa nabadilisha kamera."

"Lini?"

"Siku chache tu baada ya kuja kwenu."

Irine aliihamishia fremu mkono mwingine. Ilionekana anarudi nyuma, mwezi kwa mwezi, safari kwa safari.

"Kwa hiyo siku ile nilipokwambia ujipige mwenyewe, ilishakufa."

"Ndiyo."

"Na ukacheka."

"Nilicheka."

"Mimi nikaenda nikamwambia bibi, kaka Abdiel amecheka sana. Naye akafurahi." Akaiangalia fremu yake. "Ungekuja tu. Alikuwa palepale mlangoni. Hakuwa anakwenda mahali."

Akaondoka na fremu kwapani.

Ijumaa Abdiel alipanda Sakila. Hakuitwa, wala hakufukuzwa. Wajomba wa Irine, ambao hawakujua lolote, walipoiona kamera shingoni mwake walishukuru, wakamwambia asimame karibu na jeneza. Alimtazama Irine. Irine akasema, "Mwacheni apige," na kugeuka kushughulikia chai ya wageni.

Wasifu ukasomwa, kwaya ikaimba. Wakati wa kutoka uani kwenda kaburini, mzee wa kanisa, aliyekuwa ameshaongoza mazishi mengi kwa utaratibu mmoja, akatangaza kwa sauti: "Msalaba utangulie, na picha ya marehemu ifuate."

Msichana wa msalaba akasogea mbele. Nyuma yake pakabaki wazi. Hakuna aliyetoka. Mzee wa kanisa akatazama huku na huku, akadhani hakusikika, akarudia: "Picha ya marehemu." Watu walianza kugeuzana. Mtu mmoja akanong'ona, mwingine akamnyamazisha mtoto. Abdiel alikuwa amesimama hapo hapo, kwenye ule uwazi kati ya msalaba na jeneza, kwa sababu ndipo mpiga picha anaposimama, na kwa kitambo macho ya ua mzima yalikuwa juu yake na mkanda wake wa maandishi meupe.

"Hakuna," Irine akasema. "Twendeni."

Wakaenda. Abdiel aliwapiga wote siku ile: wajomba, wajukuu, wakwe, majirani, kikundi cha akina mama, kila aliyeweka shada. Jumamosi yake alipeleka picha zote, hakutaka malipo. Irine alizipitia taratibu akiwa amesimama.

"Wote tumo," akasema, akazirudisha kwenye bahasha.

Baada ya hapo akawa mtu wa haraka. Picha za asubuhi alizileta jioni, hata kwa watu wasiozihitaji jioni. Wateja waliisifu dijitali. Hakuna aliyelisikia tena lile jibu la zamani Kijenge, na wengi walidhani ni kwa sababu ya maendeleo. Watu waliposimama mbele yake aliwapiga upesi, midomo ikiwa bado inacheza, kama anayetaka kumaliza kabla mtu hajatulia.

Mwaka uliofuata binti wa Irine alipata kipaimara. Irine angeweza kumwita mwingine, lakini alimwita yeye, na hakusema sababu. Abdiel akampiga mtoto na gauni lake jeupe, pamoja na mama yake, pamoja na wajomba.

"Zitatoka lini?" Irine akauliza, kama mama yeyote anavyouliza.

Abdiel akaishusha kamera shingoni. Alifungua kifuniko cha kamera, akatoa ile kadi ndogo yenye picha, akamwekea kiganjani.

"Chukua yote. Kaa nayo wewe."

"Mimi nitaipeleka wapi hii? Sina hata mashine ya kuisoma." Akairudisha mkononi mwake na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Nakuuliza siku tu, kaka Abdiel. Sema siku, nitakuamini."

Hakuweza kusema siku, maana kuaminiwa tena ndiko kulikomshinda. Irine alingoja, kisha akaitwa jikoni. Siku hiyohiyo Abdiel alishuka mjini, akazichapa, akazirudisha Kikatiti kabla giza halijaingia, akamwachia dada wa duka moja pale amfikishie. Jumatatu hakufungua studio. Mwisho wa mwezi alilishusha lile pazia la buluu na kumkabidhi mwenye nyumba ufunguo.

Sasa Abdiel yuko Terrat, nje ya mji, na kamera hagusi tena. Ana banda la kuku wa mayai na duka dogo la chakula cha mifugo kando ya barabara, na Jumapili anasali usharika wa hapo hapo.